Mungu Atupaye Pumzi
(Matendo ya Mitume 17:22–34)

Neno la mwezi huu lapatikana katika Matendo ya Mitume, mlango wa 17, tangu mstari wa 22. Tafadhalini lisomeni kwanza katika Biblia zenu, kisha mrudi hapa.

Mtume Paulo amesimama Athene, mahali paitwapo Areopago, mbele ya watu wenye elimu nyingi na madhabahu nyingi. Angaliweza kuanza na Torati, lakini wengi wa watu wale hawakuijua. Angaliweza kuanza na manabii, lakini hawakupata kuwasikia. Basi akaanza na vitu ambavyo kila mmoja wao alikuwa navyo saa ile ile, na pumzi iliyo puani mwake ni kimojawapo. Awaeleza kwamba Mungu hana haja ya sadaka zao ili ashibe au apate nguvu. Wao ndio wenye haja, na hata pumzi waipumuayo yatoka kwake. Mwisho wa habari twasoma kwamba wengine walimdhihaki. Na dhihaka ile nayo waliisema kwa pumzi waliyopewa.

Neno hili hulipita upesi tukisoma. Husema, Naam, Mungu hutupa pumzi, kama mtu asemavyo, Naam, jua limechomoza. Lakini ukijua jinsi pumzi ifanyavyo kazi ndani ya mwili, utaona kwamba Mtume alichagua mfano ambao mtu hawezi kuukwepa. Kwa hiyo nataka leo tutazame jambo hili kwa makini, kwanza mwilini mwetu, kisha katika nyumba zetu, kwani kuna watu wanaokufa kwa kutolijua, na kuna wengine wanaoteswa kwa sababu ya vifo hivyo.

Chini ya mapafu upo msuli mpana, mwembamba, ulioinuka katikati kama kawa juu ya sahani. Jina lake ni kiwambo. Ukikaza, hushuka, na wakati huo huo mbavu huinuka, kifua hupata nafasi, na hewa ya nje huingia kuijaza nafasi ile. Wengi hudhani twaivuta hewa kama mtu avutavyo kamba. Sivyo. Sisi twafungua nafasi tu, na hewa huingia yenyewe kwa uzito wake, kama iingiavyo katika mvukuto wa mhunzi anapouinua. Kiwambo kikilegea, kifua hurudi mahali pake, na hewa hutoka.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hata 20 kwa dakika, na kila mara huingiza kama nusu lita. Kwa mchana na usiku hufika mara 20,000 hivi. Ni nani miongoni mwetu aliyezihesabu za jana? Hata tulipokuwa tumelala fofofo, sehemu ya chini ya ubongo, palipo karibu na shingo, iliendelea kuamuru pasipo kutuuliza. Waweza kuizuia pumzi kwa makusudi, lakini kwa muda mfupi tu. Kisha mwili hukushinda, nawe hupumua utake usitake. Mungu ametuachia mamlaka kidogo juu ya pumzi, ili tupate kusema, kuimba na kupiga mbizi. Mamlaka iliyobaki hakutuachia.

Ndani ya kifua njia ya hewa hugawanyika mara mbili, kisha tena na tena, kama mti uliopinduliwa, matawi yakielekea chini. Mwisho wa vitawi vyote kuna vifuko vidogo mno, na hesabu yake ni zaidi ya milioni 300. Kama vingekunjuliwa vyote na kutandazwa, vingefunika kama meta za mraba 70, yaani sakafu ya kanisa dogo la kijijini. Ukuta wa kifuko ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na upande wa pili damu yapita. Hapo ndipo biashara yote ya pumzi hufanyika. Katika hewa tuingizayo, sehemu 21 kwa mia ni oksijeni. Katika hewa tutoayo zimebaki kama 16. Nayo hewa ya ukaa, ambayo haikuwa hata sehemu moja kwa mia ilipoingia, sasa ni kama sehemu 4.

Oksijeni ikiisha kuvuka ukuta ule hupakiwa katika chembe nyekundu za damu. Ndani ya kila chembe kuna kitu chenye chuma ndani yake, kiitwacho hemoglobini, ambacho huishika oksijeni mapafuni na kuiachilia mahali inapohitajiwa. Likumbukeni jina hili, kwa maana tutakutana nalo tena kwa huzuni. Mtu akiwa ametulia, damu humaliza safari yake ya kuuzunguka mwili kwa muda wa kama dakika moja.

Ndugu zetu waliopanda Kilimanjaro wamelifahamu jambo hili kwa miguu yao. Kileleni, meta 5,895 juu ya bahari, hewa ina sehemu 21 za oksijeni vile vile kama Tanga au Dar es Salaam. Lakini uzito wa hewa ni karibu na nusu tu, na kwa sababu hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kama nusu ya ile ya pwani. Mtu hodari wa kulima hutembea kule hatua tatu, kisha husimama akihema kama mzee. Mchungaji Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri, aliyeupanda mlima ule mara nyingi hata shimo la ndani la Kibo likaitwa kwa jina lake, hakuwa na mapafu ya namna nyingine. Mwili ukipewa siku kadhaa hujifunza kupumua zaidi, na baadaye huongeza chembe nyekundu. Asiyeupa siku hizo huumwa kichwa, hutapika, na wengine wamekufa.

Lakini oksijeni hii ni ya kazi gani? Watu wa kale walidhani pumzi ni ya kuupoza moyo usiungue. Katika mwaka 1774 mtu mmoja wa Uingereza, Joseph Priestley, ambaye naye alikuwa mchungaji, alipata hewa ya namna ya peke yake kwa kupasha moto unga mwekundu wa zebaki, akaona kwamba mshumaa waka ndani yake kwa nguvu, na panya huishi ndani yake muda mrefu kuliko katika hewa ya kawaida. Kisha Antoine Lavoisier wa Ufaransa, pamoja na mwenzake Laplace, walimtia simbilisi katika chombo kilichozungukwa na barafu. Ilikuwa wakati wa baridi, tangu mwaka 1782 hata 1783. Wakapima barafu iliyoyeyushwa na joto la mnyama, na hewa ya ukaa aliyoitoa; wakalinganisha na mkaa unaowaka. Wakasema ya kwamba kupumua ni kuungua, ila ni kuungua polepole, pasipo mwali. Lavoisier alikatwa kichwa mwaka 1794 katika fitina za mapinduzi ya nchi yake, lakini neno lile lilibaki.

Yeye alidhani moto ule huwaka mapafuni. Siku hizi twajua kwamba huwaka kila mahali, katika vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo mwili wote umejengwa navyo, navyo huitwa seli. Chukua ugali ulioula jana. Tumboni umegeuka kuwa sukari, na damu imeipeleka kwenye seli. Kwanza sukari hukatwa vipande viwili, na kazi hiyo haihitaji oksijeni, lakini faida yake ni ndogo sana. Kisha vipande huingia katika vitu vidogo mno vilivyo ndani ya seli, viitwavyo mitokondria. Humo hubomolewa hatua kwa hatua. Ukaa wake huondolewa na kuwa ile hewa tuitoayo puani, na mwisho kabisa oksijeni hupokea kile kilichobaki, nayo hugeuka kuwa maji. Nguvu iliyofunguliwa hatua zote hizo haipotei yote kwa joto. Nyingine huwekwa katika kitu ambacho wataalamu hukiita ATP. Nakifananisha na senti. Seli haiwezi kwenda sokoni na noti kubwa ya sukari. Huivunja kwanza iwe senti, na kwa senti hizo hununua kila kazi: kukaza msuli, kujenga nyama, kupeleka habari katika mishipa ya fahamu, kuupigisha moyo. Mwilini zimo chache wakati wo wote, lakini huzunguka kwa haraka sana, zikitumika na kutengenezwa upya, hata ATP yote itengenezwayo kwa siku moja yakaribia uzito wa mtu mwenyewe.

(Na mtu anayekonda, mafuta yake yamekwenda wapi? Sehemu kubwa imetoka puani, ikiwa hewa ya ukaa. Wengi hawaliamini hili wakiambiwa.)

Sasa angalieni. Chakula mwili waweza kuweka akiba, na kuna watu waliofunga majuma kadhaa wakaishi. Maji, akiba yake ni ya siku chache. Oksijeni yote iliyomo mwilini mwa mtu mzima, mapafuni na damuni, ni kama lita moja na nusu, na mtu aliyelala kitandani hutumia kama robo lita kwa dakika. Hesabu hiyo mtoto wa shule aweza kuifanya. Pumzi ikikatika, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Wana wa Israeli walipewa mana ya siku moja moja, na siku ya sita ya siku mbili; aliyeweka zaidi iliingia mabuu. Lakini pumzi haikupewa hata akiba ya robo saa. Mtu tajiri wa katika Injili, mwenye ghala nyingi, aliahidi nafsi yake miaka mingi ya kustarehe, naye mapafuni mwake alikuwa na mali ya dakika chache.

Hapa wako wanaouliza: ikiwa kiwambo ndicho kifunguacho kifua, na hemoglobini ndiyo ichukuayo oksijeni, Mungu yu wapi katika mambo hayo? Swali hili huulizwa na vijana wetu warudipo kutoka shuleni, na si vema kuwakemea. Mwalimu wetu Luther, akiifafanua amri ya kwanza katika Katekismo Kubwa, afundisha kwamba viumbe ni kama mikono na mifereji ambayo kwayo Mungu hutugawia mema yake. Mama hamnyonyeshi mtoto kwa maziwa aliyoyabuni mwenyewe. Mwokaji akioka, mkate bado ni zawadi ya Mungu. Sisi Walutheri tusingeona haya kusema hivi, kwa kuwa hatuogopi kumwona Mungu akitenda kazi kwa maji ya kisimani na kwa mkate na divai. Kijana akijua mfereji wapita wapi, hajamfukuza mwenye chemchemi. Na katika fungu la kwanza la Imani twakiri kwamba Mungu ametuumba pamoja na mwili na viungo vyote, naye hutulinda hata sasa. Kiwambo ni kiungo, na mitokondria ni viungo.

Lakini mfereji waweza kuzibwa, na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niyaandike yote haya.

Katika nchi zetu za baridi, Usambara, Njombe, Makete, na miteremko ya Kilimanjaro, mwezi wa Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, hulala. Moshi haupo, mkaa umewaka wekundu safi, kila mtu aona raha. Asubuhi jirani hupiga hodi, hapana anayeitika. Habari za namna hii huja mara kwa mara, na nyakati nyingine ni nyumba nzima, baba na mama na watoto.

Sababu yake ni hii. Mkaa ukiungua mahali penye hewa chache, hautoi hewa ya ukaa peke yake, bali hutoa pia hewa nyingine iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikoozeshi. Nayo huishika ile hemoglobini kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Chembe nyekundu hupita mapafuni zikiwa zimejaa tayari, kama gari ambalo abiria wabaya wameketi viti vyote. Mtu bado apumua, kifua chapanda na kushuka, na seli zake zafa kwa kukosa oksijeni. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu hukosa nguvu. Na aliyekwisha kulala hasikii hata hayo. Kufunika mkaa kwa majivu hakuondoi hatari, kwa maana waendelea kuungua chini yake. Bakuli la maji chumbani halisaidii kitu. Jiko litolewe nje kabla ya kulala. Hakuna njia nyingine ninayoijua ya kuwaambia. Na mashine ya umeme ya mafuta vile vile isiwashwe ndani ya nyumba.

Ukiwakuta watu katika hali hiyo, usiingie ukakaa. Fungua mlango na madirisha, uwatoe nje upesi, uwapeleke hospitali, ambako watapewa oksijeni tupu. Kwayo hewa ile iliyomo damuni hupungua hata nusu yake kwa muda wa saa moja au mbili, mahali pa saa nyingi. Na aliyeacha kupumua kabisa, mwenye kujua ampulizie pumzi yake kinywani tangu pale pale. Nimesema kwamba hewa tutoayo ina sehemu 16 za oksijeni. Hazikubaki bure. Zatosha kumwokoa jirani.

Maiti za waliokufa hivi mara nyingi si za kijivu kama maiti nyingine. Ngozi yaweza kuwa nyekundu, kana kwamba mtu amelala tu na ana afya. Ndiyo rangi ya damu iliyoshikwa na hewa ile. Lakini watu huona na kunong'ona. Wasema, Hawakuumwa, hawakupigwa, mlango ulifungwa kwa ndani. Kuna mkono wa mtu. Na mkono huo hutafutwa. Mara nyingi hupatikana kwa mama mzee, mjane, akaaye peke yake, ambaye macho yake ni mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni, kwa kuwa amewapikia watu wa kijiji hicho hicho, wengine wao sasa ni wazee, miaka hamsini. Sote tunajua yaliyowapata wanawake wa namna hiyo katika nchi ya Shinyanga na Mwanza, na penginepo.

Tena kuna Wakristo wasiomtaja mchawi, lakini wasema, Mungu amewaita, saa yao ilikuwa imefika, na jioni ile ile huingiza jiko chumbani mwao. Hao nao wamekosa. Aliyeumba mapafu ndiye aliyempa mtu akili ya kutengeneza dirisha, na anayezarau mfereji asimsingizie mwenye chemchemi.

Mzaburi, katika Zaburi ya 104, anasema juu ya viumbe vyote ya kwamba Mungu ndiye akusanyaye pumzi yao, na ikikusanywa hurudi mavumbini. Lugha yetu yajua kitu kama hicho, kwani twasema mtu amekata roho, na neno la kupumzika tumelitoa katika pumzi hiyo hiyo. Hakuna katika Maandiko mahali po pote palipoandikwa kwamba pumzi ya mtu imewekwa mkononi mwa jirani yake kwa siri, katika chungu au pembe. Bwana wetu mwenyewe, saa ya kufa kwake, hakuiacha roho yake kwa Pilato wala kwa askari, ingawa misumari ilikuwa yao. Aliiweka mikononi mwa Baba, kwa maneno ya zaburi.

Kwa hiyo, ninyi wainjilisti na wazee wa usharika, mkiitwa katika nyumba ya msiba wa namna hii, tazameni kwanza kama jiko limo chumbani, na watu wote walione, kabla halijaondolewa na kusahauliwa. Waelezeni wafiwa habari za hewa ile kwa maneno mepesi, si kwa kuwalaumu, kwa maana aliyewasha jiko alitaka watoto wake wasione baridi. Someni nao Zaburi ya 104, mkae nao hata mazishi. Kisha, ikiwa jina la mtu limekwisha kutajwa, nendeni nyumbani kwake siku ile ile, mchana, kwa njia ya katikati ya kijiji watu wakiwaona, mkaketi mlangoni pake, mle atakachowapa.